KISIO SI JIBU

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, ukumbi wa chakula. Inachapishwa kwa ombi la wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Tano, ambao wengine wao walisimama nyuma na hawakusikia vizuri.)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya "Manufaa ya Hesabu Maishani". Nimekubali, lakini nitawaomba radhi mapema, kwa sababu mfano nitakaoutumia ni wa mchezo, tena mchezo wa kigeni, na mwishoni mwake nitakiri kosa ambalo hata watu wa nyumbani kwangu hawakulijua mpaka juma lililopita.

Wale tuliosoma pamoja mnamkumbuka mwalimu wetu wa Hesabu. Alikuwa na maneno mawili tu. La kwanza: "Onyesha njia." Ukiandika jibu sahihi bila njia, ulipata alama moja, nayo aliitoa kwa uchungu. La pili alilisema tulipofika kwenye makadirio: "Kisio si jibu." Sisi tulicheka, tukamwita Mzee Kisio. Leo nakuja kusema kwamba la kwanza lilinipa heshima nchini Marekani, na la pili, kwa kulisahau, lilinigharimu nauli ya kurudi nyumbani.

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika ghala moja mjini Kansas City, jimbo la Missouri. Mji ule una timu ya futiboli ya Kimarekani iitwayo Chiefs. Si kandanda yetu. Mpira wao ni wa mviringo uliochongoka, hubebwa na kutupwa kwa mikono, na uwanja hupimwa kwa yadi, ambayo ni pungufu kidogo ya mita. Kwa ajili ya mazungumzo yetu yatosha kujua watu watatu tu. Yuko mtupaji, wao humwita kwotabeki. Yeye ndiye huanzisha karibu kila shambulizi. Wako wadakaji, ambao hukimbia mbele kuupokea mpira uliotupwa. Na wako wakimbiaji, ambao hukabidhiwa mpira mkononi na kupenya katikati ya miili ya watu. Anayefika na mpira katika eneo la mwisho la adui amepata tachidauni, yaani alama 6 kwa timu yake.

Sasa, juu ya mchezo huo Wamarekani wamejenga mchezo mwingine wa karatasi: ligi ya kubuni. Asili yake inajulikana. Mwaka 1962 bwana mmoja aitwaye Bill Winkenbach, mwenye hisa katika timu ya Oakland Raiders, alikaa na wenzake katika hoteli moja ya New York wakabuni kanuni. Mwaka 1963 wakaanzisha ligi ya watu 8 huko Oakland, California. Kila mtu huchagua wachezaji halisi kutoka timu mbalimbali, akajifanya ndiye meneja wao. Wanapocheza kweli uwanjani, matendo yao hugeuzwa kuwa alama za meneja huyo. Zamani walihesabu kwa kalamu, gazeti la Jumatatu mkononi; siku hizi mashine huhesabu mpira ukiwa bado hewani. Vijana wetu wengi hapa wanaujua mchezo wa namna hii kwa ligi ya Uingereza, kwa hiyo sitawachosha.

Kanuni za ghalani kwetu zilikuwa hizi. Mtupaji hupewa alama 1 kwa kila yadi 25 alizotupa, alama 4 kwa kila tachidauni aliyotupa, naye hukatwa 2 kila adui anaponyaka mpira wake. Mdakaji hupewa alama 1 kwa kila mpira aliodaka, alama 1 kwa kila yadi 10, na 6 kwa tachidauni. Mkimbiaji naye vivyo hivyo kwa yadi na tachidauni.

Mwaka wangu wa kwanza nilichagua kwa majina. Mchezaji aliyesifiwa kwenye televisheni, nilimchukua. Kati ya watu 12 nilikuwa wa 12, na adhabu ya wa mwisho ilikuwa kuwanunulia wenzake kifungua kinywa. Nililipa, nikaenda zangu kulala nikiwa na aibu. Usiku ule ndipo nilipomkumbuka Mzee Kisio. Nilinunua daftari la mistari, nikaandika juu yake: Onyesha njia.

Ikaja mwaka 2022, nao ulikuwa mwaka mzuri kwa mtu mwenye daftari. Mwezi Machi timu ya Chiefs ilimwachia mdakaji wake mwenye mbio kuliko wote, Tyreek Hill, aende Miami Dolphins, ikapewa nafasi 5 za kuchagua wachezaji wapya. Mji mzima ulishika tama. Msimu wa 2021 Hill alidaka mipira 111, yadi 1,239, tachidauni 9. Ghalani walisema: "Mtupaji Patrick Mahomes amekatwa mkono, mwaka huu usimguse mtu wa Chiefs."

Mimi nikafungua daftari. Hapa naomba vijana wasikilize, maana ndiyo njia yenyewe.

Kwanza, usianze na mchezaji. Anza na timu. Msimu una mechi 17. Mwaka 2021 Mahomes alitupa mipira 658, yaani karibu 39 kwa mechi. Mtupaji ni yule yule, kocha ni yule yule, Andy Reid. Hakuna sababu ya timu hiyo kuacha kutupa kwa kuwa mdakaji mmoja amehama. Nikaandika 640.

Pili, gawanya mipira hiyo. Mwaka 2021 mipira 159 ilielekezwa kwa Hill, na 134 kwa Travis Kelce, mtu mrefu ambaye huzuia maadui na pia hudaka. Wawili hao peke yao walielekezewa zaidi ya mipira 4 katika kila 10. Je, ile 159 ya Hill itakwenda wapi? Haiwezi kuhama naye kwenda Miami! Itabaki na kugawanywa. Nyingine zitakwenda kwa wageni, JuJu Smith-Schuster aliyetoka Pittsburgh na Marquez Valdes-Scantling aliyetoka Green Bay, na nyingine zitaongezwa kwa Kelce. Nikampa Kelce asilimia 23 ya mipira 640, yaani 147.

Tatu, tafuta kiwango chake. Mwaka 2021 Kelce alidaka 92 kati ya ile 134, yaani asilimia 69. Asilimia 69 ya 147 ni 101. Kila mpira aliodaka ulimpa wastani wa yadi 12.2, mara 101 ni yadi 1,232.

Nne, tachidauni. Mwaka uliopita alipata 9, nikamwachia 9.

Jumla: 101 za kudaka, 123 za yadi, 54 za tachidauni. Alama 278. Gawanya kwa mechi 17, upate 16 na kitu kwa mechi.

Ndugu zangu, tazameni jinsi msimu ulivyokwisha. Kelce alielekezewa mipira 152, nami nilisema 147. Alidaka 110, akapata yadi 1,338. Gawanyeni wenyewe: yadi 12.2 kwa kila mpira, sawa na mwaka uliotangulia! Mahomes aliyesemwa kuwa amekatwa mkono alitupa mipira 648, mimi nilisema 640. Akapata yadi 5,250 na tachidauni 41, na adui wakamnyaka mara 12. Kwa kanuni zetu hizo ni 210 na 164, toa 24, sawa na alama 350 kwa kutupa peke yake. Mwaka wa 2021 akiwa na Hill alitupa yadi 4,839 na tachidauni 37. Timu ilimaliza ya kwanza katika ligi nzima kwa kufunga, alama 496, na mwezi Februari 2023 ikatwaa ubingwa kwa kuwafunga Philadelphia Eagles 38 kwa 35. Huko Miami Hill naye hakufa njaa: alidaka 119, yadi 1,710. Kila mmoja alipata, isipokuwa wale waliokisia kwa huzuni.

Lakini sikuja hapa kujisifu, na daftari lile lina kurasa nyingine. Katika wakimbiaji nilipotea njia kabisa. Nilimpa nafasi kubwa Clyde Edwards-Helaire, kwa sababu timu ilimchagua katika duru ya kwanza mwaka 2020. Kijana aitwaye Isiah Pacheco, aliyechaguliwa wa 251, duru ya saba na ya mwisho, nilimwandikia mstari mmoja chini ya ukurasa. Katikati ya msimu Pacheco akachukua nafasi. Edwards-Helaire akaumia kifundo cha mguu mwezi Novemba, akamaliza na yadi 302 za kukimbia. Pacheco alipata 830. Na Jerick McKinnon, mkimbiaji mkongwe ambaye sikumtilia maanani, alidaka tachidauni 9, sawasawa na zile nilizomkisia Kelce mwenyewe.

Kwa hiyo nilijifunza kwamba makisio hayana nguvu sawa. Jumla ya mipira ya timu hubadilika polepole, na wastani wa yadi wa mchezaji aliyezoea kazi hubadilika polepole pia. Mgawanyo kati ya watu hubadilika zaidi, kwa sababu kuna majeraha na kuna chipukizi wenye njaa. Tachidauni ndiyo inayoruka kama panzi. Mtu anaweza kukimbia yadi 60 akaangushwa hatua moja kabla ya mstari, mwenzake akaingizwa kwa hatua hiyo moja na kupewa alama zote 6. Na tena, hesabu ya mechi 17 ni jambo moja, hesabu ya usiku mmoja ni jambo jingine. Ukirusha sarafu mara elfu, nitakuambia kwa ujasiri vichwa vitakuwa karibu nusu. Ukirusha mara moja, sina la kukuambia.

Hayo nayasema leo. Jumatatu ya tarehe 10 Oktoba 2022 sikuyajua, au niliyajua nikayaweka kando.

Wiki ile nilikuwa nikishindana na mzee mmoja wa ghalani, mtu mpole, aliyenifundisha kuendesha gari la kuinulia mizigo. Mechi za Jumapili zilipokwisha nilikuwa mbele yake kwa alama 29. Yeye alibakiwa na mchezaji mmoja tu wa kucheza Jumatatu usiku: Kelce. Daftari langu lilisema 16. Alihitaji kuzidi 29. Wakati wa chakula nikaanza kujigamba. Nilifungua ukurasa mbele ya watu, nikaonyesha njia, wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akasema, "Kama una hakika hivyo, weka fedha." Mzee yule hakupenda. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nikamwambia aweke dola 350, nami nitaweka 1,400.

Dola 1,400 zilikuwa nauli yangu ya Desemba. Nilikuwa sijarudi nyumbani kwa miaka minne. Mama alikwisha kuwaambia majirani.

Tulitazama mechi pamoja, watu saba kwenye chumba kimoja. Raiders walianza kwa kuongoza 17 kwa 0. Kisha Chiefs wakaanza kurudi, na kila walipokaribia mstari Mahomes alimtafuta mtu yule yule. Tachidauni ya kwanza ya Kelce, sikustuka. Ya pili, nikanyamaza. Ya tatu, mzee akanitazama akasema tuifute ile dau, mchezo ni mchezo. Nikakataa kwa kiburi, kwa kuwa bado nilikuwa mbele. Katika robo ya nne ikaja ya nne.

Usiku ule Kelce alidaka mipira 7 kwa jumla ya yadi 25. Yadi 25 tu! Daftari langu lilimkisia zaidi ya 70. Kwa yadi alishindwa hata kufika nusu ya kisio langu. Lakini tachidauni zilikuwa 4. Saba, na mbili na nusu, na 24: alama 33 na nusu. Bila ile ya nne zisingezidi 26 na nusu. Chiefs walishinda 30 kwa 29, mji mzima ukapiga honi, mimi nikaketi na kalamu yangu.

Tena lisilosameheka ni hili. Ushahidi ulikuwa ndani ya daftari langu mwenyewe. Desemba 2021, dhidi ya Chargers, mtu huyo huyo alidaka 10, yadi 191, tachidauni 2: alama 41. Niliiandika kwa mkono wangu, na pembeni nikaandika "bahati". Nililiita bahati lile lisilonipendeza, na wastani ulionipendeza nikauita ukweli.

Mzee yule alitaka kunirudishia fedha. Sikuzipokea, na sijui hata leo kama hiyo ilikuwa haki au kiburi kile kile kimevaa kanzu. Nilimpigia Mama simu nikamwambia kazi zimenibana, Desemba sitakuja. Alisema, "Haya mwanangu, kazi ndiyo baba." Nilichukia kusikia neno lile.

Vijana wangu, nimeambiwa na walimu kwamba hapa bwenini baadhi yenu mnajaza mikeka ya kubashiri, na kwamba fedha za karo na za sabuni zimekwisha kupotea humo. Sikuja kuwatukana. Mtu aliyepoteza nauli kwa sababu ya Travis Kelce hana mdomo wa kumtukana mtu. Nawaambia tu nilichokiona. Mtu asiye na hesabu huweka fedha kidogo kwa woga. Mtu mwenye hesabu nusu huweka nyingi, kwa kuwa amekuwa sahihi mara kadhaa, na kuwa sahihi hulevya. Wale wenye biashara ya kubashiri wana hesabu nzima. Wao hurusha sarafu mara milioni. Wewe unarusha mara moja, kwa karo ya mwaka. Hapo hamko katika mchezo mmoja hata kidogo.

Wala sisemi mwache makisio. Hapana! Mkulima anayepanga mbegu anakisia. Daktari wa wilaya anayeagiza dawa za msimu wa mvua anakisia. Wahasibu wa chama cha ushirika, wapishi wa shule hii wanaopima maharage ya watu mia sita, wote wanakisia, na njia yao ni ile ile: anza na jumla, gawanya, tafuta kiwango, kisha jiulize ni sehemu ipi inayoruka kama panzi. Ila hapana budi kila kisio liandikwe pamoja na kosa lake. Usiandike 16. Andika "16, na huenda 5, na huenda 40". Kisha jiulize: ikija ile 40, je, nitakuwa bado na nauli?

Kwa hiyo nina ombi moja, Ndugu Mkuu wa Shule. Nimeleta madaftari 40 na kalamu zake. Naomba kianzishwe chama kidogo cha makisio katika somo la Hesabu. Wanafunzi wakisie timu yao wenyewe ya kandanda: nani atapiga mashuti mangapi, nani atafunga, mechi baada ya mechi, wakilinganisha kisio na lililotokea. Atakayeshika nafasi ya mwisho afagie ukumbi huu. Fedha isiguswe, hata senti. Nami naahidi kusahihisha kwa barua, na alama nitatoa kwa njia, si kwa jibu.

Namalizia na la nyumbani. Juma lililopita nilimweleza Mama habari zote, daftari, mzee, yadi 25 na tachidauni 4. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo Kelce ni mtoto wa nani. Nikamwambia hanijui. Akasema: "Basi hakukukosea yeye. Mimi nilikuwa nimekukisia Desemba, nikachinja kuku." Kisha akanipakulia chakula.

Kumbe na yeye alikuwa na kisio lake, na aliyelivunja ni mimi.